Glavu za Kubebea Bendera

Phoenix, Jumapili, 8 Mei 2005

Otilia mke wangu,

Simu ya dukani kwa Lupita siipigi tena. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za tumbo lako, na kabla hatujaagana majirani walishaanza kumletea mama yangu majani ya kuchemsha. Kipaza sauti chake kinatangaza mambo ya watu hadi kisimani. Kwa hiyo naandika, ingawa unajua shule niliiacha darasa la tatu, na Mzee Chon atakuletea kwa gari lake la vifurushi.

Nina kazi mpya. Kazi ya jipsamu nimeiacha, sipandi tena jukwaani kupigilia bodi za dari juu ya kichwa. Wamenichukua watu wa chama cha maseremala. Tunasimama mbele ya Hoteli ya Palo Seco, ambayo wanaiongezea jengo. Tunashika kitambaa kirefu kuliko baraza ya nyumba yetu, kimefungwa kwenye mabomba ya chuma, na kina maandishi makubwa juu ya haki ya mafundi. Watu wanapita na magari yao na kusoma. Mimi nashika ncha ya kulia, mzee mmoja anaitwa Vernon anashika katikati, na ncha ya kushoto wanabadilishana. Hakuna kusema na mtu. Tumetulia kama tuko kanisani.

Vernon haruhusiwi kusema na wapita njia, kwa hiyo maneno yake yote ananimalizia mimi, kwa Kihispania chake cha kuokoteza. Juzi kaniambia, "Fidencio, wake watatu wamenikimbia kwa sababu nilikuwa sisimami sehemu moja. Wangeniona leo!"

Habari ya Nazario. Mwambie ndugu yako asije. Najua anasema kwamba shemeji yuko huko, shemeji atanishika mkono. Mlango wa chama ufunguo sina mimi. Na jangwa la mpakani la sasa si lile nililovuka mimi. Abaki achunge ng'ombe.

Mbusu Chayo. Mwambie baba yake hapandi tena juu.

Wako,
Fidencio

*

Tepozán, 29 Mei 2005

Fidencio mume wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa, halafu nikaenda kumsomea mama yako. Alilia. Akasema, "Baba yake alibeba bendera ya Malaika Mikaeli mpaka mgongo ukapinda, na sasa mtoto anabeba ya maseremala kwa Wamarekani." Akafunga kitambaa kichwani akaenda moja kwa moja kwa Padri Anselmo. Jumapili padri akakutaja kwenye misa. Ndiyo, wewe! Kwamba mwana wa Tepozán amechaguliwa kushika bendera ya mafundi, na mafundi tangu hapo ni watu wa Mtakatifu Yosefu.

Sasa sikiliza. Kamati ya sikukuu imekaa. Siku ya Wana Walio Mbali, tarehe ishirini na tisa Septemba, wanataka bendera ya Malaika ibebwe na wewe. Don Hilario mwenyewe, mwenye ulimi wa pilipili, kasema, "Huyo sasa ana chama, ana makaratasi, atakuja kwa ndege." Sikuwajibu. Sijui kama una makaratasi. Chama kinatoa makaratasi?

Nakutumia glavu. Nimeona aibu kwamba hukuomba, maana nani anabeba bendera kwa mikono mitupu? Mama yako kazishona kwa shuka jeupe la arusi yetu, lile lililochanika, na mimi nimetarizi kwenye kifundo kipande cha mpungate na miiba yake kwa uzi wa kijani, kama ninavyotarizi kila kitu. Zivae. Wajue kwamba una kwenu.

Nazario yuko mgodini Fresnillo, kapata kibarua. Usihangaike naye.

Chayo anauliza kama kitambaa chenu kina nyuzi za dhahabu pembeni.

Otilia wako

*

Phoenix, 12 Juni 2005

Dada Otilia,

Nimefika, ni mzima, na nina kazi. Midomo ilipasuka jangwani ila imeshapona. Usimwambie shemeji Fidencio kwamba niko mji huu huu. Kama kwenye chama chake hakuna nafasi ya ndugu wa mke wake, basi nitasimama mwenyewe kwanza. Siku nikiwa na gari langu nitakwenda kwake, nipige honi, nimwambie, "Shemeji, habari ya ng'ombe?" Mzee Chon ameapa hatafungua mdomo.

Nafunga jipsamu kwenye jengo jipya la hoteli. Mkandarasi hana mambo ya chama. Hakuulizi umetoka wapi, anakuuliza kama unaweza kubeba bodi mbili kwa pamoja. Tunaanza alfajiri. Nyapara anaitwa Duane, ana shingo nyekundu kama ya bata mzinga. Vumbi linaingia puani, masikioni, mpaka kwenye maharage. Nafunika uso kwa leso siku nzima, nikijitazama kwenye kioo usiku naona macho tu.

Nikuchekeshe. Hapo getini kila siku wako watu watatu nyuma ya kitambaa kirefu. Mpishi wa hoteli alitusomea: AIBU KWA HOTELI YA PALO SECO. Eti aibu ni kutuajiri sisi. Tunachukua mkate wa watu wa chama. Na unajua nini, Dada? Mpishi anasema wale wenyewe hawamo chamani! Wamekodiwa tu kusimama, kama vile viti vya sherehe. Mmoja mzee hata msumeno hajui unashikwaje. Mwingine ndiye hasa. Kofia kubwa, miwani nyeusi, shingo kaifunga, na wiki hii kaja na glavu nyeupe! Nyeupe, Dada, na kitu cha kijani kwenye mkono, majani sijui nini. Mkono mmoja hauinui, analiegemea lile bomba kama mjane. Tumempa jina Bi Harusi.

Leo nilipita nikapiga kelele, "Bi Harusi! Bwana kakuacha kanisani?" Jamaa walicheka mpaka mmoja akaangusha ndoo ya plasta. Wale hawaruhusiwi kujibu. Ukimtukana mtu asiyeruhusiwa kujibu, siku inakwenda upesi.

Nikumbuke kwenye sala.

Nazario

*

Phoenix, 19 Juni 2005

Otilia,

Glavu zilifika. Niliposoma habari za padri na misa nilikaa kitandani muda mrefu. Nikasema nitakuandikia jambo fulani. Halafu nikaona jinsi ulivyotarizi, nikasema nitaandika siku nyingine.

Nilidhani nitaziweka sandukuni. Lakini mabomba haya jua likipanda yanachoma kama kikaango cha mkate, na viganja vyangu vilikuwa vimeanza kuota malengelenge. Siku ya kwanza nilizivaa kwa sababu ya moto tu. Mwambie mama zimeniokoa.

Wananicheka. Kuna mmoja pale ndani, kijana, amejifunga leso usoni na nywele nyeupe kwa vumbi, ananiita Bi Harusi. Kila asubuhi ana jipya. Jana: "Bi Harusi, mimba ya miezi mingapi?" Vernon akaniambia, "Mwache, huyo anaogopa. Anayeogopa ndiye anayeimba." Mimi simchukii. Mimi nilikuwa yeye. Najua anavyoumwa kiuno, najua asubuhi vidole vyake havikunjiki. Nikimsikia anapiga kelele nawaza, imba, mwanangu, bado unaweza kuinua mikono yote miwili.

Bwana Kessler wa chama, yule anayekaa garini na kutuangalia, ametuahidi. Hoteli ikimfukuza mkandarasi, waliosimama mpaka mwisho wataandikwa chamani na kupewa kadi ya daktari, ya kutibiwa bila kulipa. Nataka kusimama mpaka mwisho. Sina kingine.

Habari ya Septemba usiwajibu bado.

Fidencio

*

Tepozán, 3 Julai 2005

Nazario ndugu yangu,

Nimekulea mimi. Mama alipokufa nilikubeba mgongoni mpaka ukawa unaburuta miguu chini. Kwa hiyo fanya hili bila kuuliza sababu.

Mwache huyo mtu wa glavu. Usimwite tena hilo jina. Mtu anayesimama kwenye jua hilo ana mke mahali, na huyo mke hajui anachoitwa mume wake barabarani. Au anajua, na hawezi kusema.

Mpelekee maji. Chupa iliyofungwa, yenye barafu kama ipo. Usiseme neno, mpe tu. Halafu tafuta kazi nyingine. Phoenix ina hoteli ngapi? Ondoka hiyo.

Unacho bado kile kitambaa cha mkate nilichokutarizia ulipoondoka? Kitazame siku moja ukiwa umetulia.

Dada yako,
Otilia

*

Phoenix, 7 Agosti 2005

Dada,

Barua yako jamaa walininyang'anya wakaisoma kwa sauti chumbani, tukacheka, halafu sikucheka. Umenifanya mwanasesere. Nilimpelekea maji.

Niliishika chupa mbele yake. Hakuichukua. Wamekatazwa kupokea kitu kutoka kwa watu wa ndani, mzee wa katikati alinifanyia ishara kwa kidevu. Basi nimesimama hapo na chupa kama mpumbavu, barafu inayeyuka, na Duane ananitazama toka jukwaani. Nikaiweka chini ya bomba nikaondoka. Jioni ilikuwa pale pale, imejaa. Nilijisikia vibaya kuliko siku zote nilizomtukana, ndipo nikakasirika. Mtu gani anakataa maji?

Kuondoka siwezi. Dereva aliyenivusha bado ananidai, na wenzangu hapa chumbani ndio wananiwekea dhamana. Kitambaa cha mkate ninacho. Nina nini cha kukitazama? Kina mpungate wako, kama kila kitu chako.

Sasa mambo yamechacha. Maarusi wa kweli hawataki kupigia picha mbele ya neno AIBU, wanahamia hoteli nyingine. Wakubwa wa hoteli wamemwambia mkandarasi, hicho kitambaa kikiwapo Septemba, nje. Sisi sote nje. Duane alituita. Alisema, "Wale hawavunji sheria. Lakini mmoja wao akiinua mkono juu ya mtu, naita polisi, na kitambaa kinatoka siku hiyo hiyo." Akauliza nani. Wote wakanitazama mimi. Bi Harusi ana kisa na mimi, hata mtoto anajua. Nitamsukuma kidogo, nitamwambia ya mama yake, atainua mkono. Polisi wakimkamata, si juu yangu. Ni Jumatatu tarehe ishirini na mbili, wakubwa wakiwapo.

Najua hutapenda. Ila baada ya hapo nabakia kazini, na mwaka huu natuma ya kuezekea nyumba.

Nazario

*

Tepozán, Jumapili, 21 Agosti 2005

Fidencio,

Gari la Mzee Chon liliharibika Chihuahua, barua ya Nazario nimeipata jana jioni. Nilikimbia dukani kwa Lupita, nikapiga namba ya duka mnakochukulia barua. Yule mwenye duka alisema, "Mama, mimi nauza nyanya, wanaume hapa wanapita mia." Nikamwachia ujumbe, na kijiji kizima kikausikia. Nakuandikia na hii, na Nazario nimemwandikia hivyo hivyo, ingawa najua zote zitachelewa.

Usisimame kesho. Kijana wa leso ni Nazario. Hayuko Fresnillo, hajawahi kuwa Fresnillo. Nilimpa baraka mwenyewe mlangoni, nikakudanganya kwa sababu ulisema asije na alikuwa ameshakwenda. Anataka uinue mkono ili polisi waje. Hajui ni wewe. Nami nilijua tangu Juni, aliponiandikia habari za glavu nyeupe na majani ya kijani, na mkono usioinuka.

Mkono huo una nini, Fidencio? Uliangukia wapi? Umelala hospitali gani mimi nikiwasha mishumaa nikidhani umepandishwa cheo?

Kwa nini sikusema? Kila usiku nilipanga maneno. Nikimwambia yeye, ataacha kazi kwa hasira na wale waliomvusha watamtafuta. Nikikwambia wewe, utaondoka pale kwa aibu na kadi ya daktari itapotea. Nikawa nakaa na barua zenu mbili kwenye aproni, ya kulia yako, ya kushoto yake, nikikanda mkate.

Ukishinda wewe, ndugu yangu anatupwa nje. Akishinda yeye, wewe unarudishwa na pingu. Nyumba moja hii, sahani moja. Nimepiga magoti mbele ya Malaika Mikaeli nikashindwa hata kujua nimwombe nini.

Vua glavu. Au usivue, atazame. Sijui.

Otilia

*

Phoenix, Jumapili, 28 Agosti 2005

Otilia,

Barua yako nimeipata leo. Mwenye duka alinipa akasema, "Wewe ndiye Fidencio? Mkeo alipiga, sauti kama moto." Ni juma zima sasa tangu siku ile.

Nitakwambia ilivyokuwa.

Walitoka kama kumi, Duane nyuma na kamera. Bwana Kessler alishuka garini na kalamu yake. Kijana alikuja moja kwa moja kwangu, akaweka kifua chake kwenye bomba langu. "Bi Harusi, leo nimekuja kukuoa!" Wenzake wakapiga vigelegele. Akauliza, "Una mikono humo au ni glavu tupu?" Akasema ya mama yangu. Otilia, hata hapo sikuinua mkono, lakini usinisifu. Wa kulia hauinuki. Wa kushoto ulikuwa umelishika bomba, na kama ningeliachia, kitambaa chote kingemwangukia Vernon.

Basi akanivua glavu. Aliivuta kwa vidole, taratibu, ili jamaa wacheke. Akaigeuza aionyeshe, ndipo macho yake yakafika kwenye kifundo.

Nikaona leso yake inatulia. Alikuwa anapumua ikicheza cheza, sasa ikatulia. Alitazama ule mpungate kama mtu anayesoma. Halafu akanitazama mimi, kwenye miwani, akasema chini chini, "Shemeji?"

Sauti ile sikuijua, nilimwacha na sauti ya mtoto. Lakini macho ni yako.

Duane akapiga kelele, "Anakwambia nini huyo?" Kessler naye akasogea: "Fidencio, unamjua huyu? Kama una mtu wako ndani, niambie, tunahitaji shahidi." Wote wawili walikuwa wanangoja mdomo wangu. Ningesema ndiyo, Duane angemfukuza hapo hapo kama jasusi wa chama. Ningesema ndiyo, Kessler angemtoa mbele za watu aseme ya mkandarasi, halafu nani angemlinda na waliomvusha? Alisema tena, sasa kwa sauti ya kuomba, "Shemeji Fidencio, ni mimi."

Nikatazama kitambaa. Maandishi yake mimi ninayajua kwa nyuma tu, yamegeuka, miezi yote hii nayasoma kinyumenyume. Nikayatazama hayo. Nikamwambia Kessler, "Simjui."

Nazario akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Duane akasema, "Vipi, mbona humpigi?" Akajibu, "Mpige mwenyewe." Akaingia ndani na glavu yangu. Tangu siku hiyo hayuko getini. Nimewauliza kwa macho wale wenzake, wanatema mate. Sijui analala wapi. Nimemkana ndugu yako mchana kweupe ili kumlinda, na naona yeye alichokiona ni kukanwa tu.

Na hayo ya bendera. Chamani mimi simo. Nimekodiwa kama Vernon. Kitambaa hakina nyuzi za dhahabu, kina neno aibu. Bega nililivunja mwaka jana, bodi ilinifuata kutoka juu. Hospitali nilikaa siku mbili kisha nikatoroka. Sasa unajua yote.

Septemba siji. Nikitoka sirudi, na nikibaki sijui nabakia nini. Waambie kamati lolote utakalo.

Fidencio

*

Phoenix, 18 Septemba 2005

Dada,

Ulijua. Barua yako ilinifikia wiki moja baada ya mambo. Nimekuwa na hasira nawe kwa siku nyingi, na bado ninayo kidogo, kwa hiyo nitaandika kifupi.

Duane alinifukuza siku ile ile. Wenzangu chumbani walininyima godoro, wakasema nimewauza. Nililala kwenye gari bovu nyuma ya duka la matairi. Baada ya hapo hoteli ilimfukuza mkandarasi hata hivyo, na wao wote wakawa nje kama mimi. Nilitaka kufurahi, nikashindwa.

Kila siku niliishika ile glavu mfukoni nikisema nitamtafuta nimpige nayo usoni. "Simjui." Mtu aliyenifundisha kufunga viatu! Nilikwenda hotelini, getini kweupe, kitambaa hakipo. Mpishi aliniambia wamehamia upande wa kaskazini, mbele ya kliniki ya meno, kwa mkandarasi mwingine. Nikaenda kwa miguu.

Nilimwona toka ng'ambo ya barabara. Ncha ya kulia. Glavu moja, mkono wa pili kaufunga gazeti. Katikati alikuwa mwanamke nisiyemjua. Ncha ya kushoto walikuwa wameifunga kwenye nguzo ya taa kwa kamba, inapepea. Yule mzee, Vernon, alianguka na joto wiki iliyopita, wakamchukua na gari la wagonjwa. Hakuna aliyejua jina lake la pili ili aulizie.

Nilivuka barabara nikiwa nimekunja ngumi. Shemeji aliniona. Akavua miwani. Sikuwa nimeyaona macho yake tangu nina miaka kumi na mitatu, Dada, na mekundu yamekuwa hayo. Kessler alitoa kichwa dirishani akasema, "Wewe, unatafuta kazi? Unaweza kusimama?"

Sikusema nilichokuja kufanya. Nikaenda nikafungua kamba, nikashika bomba. Lilichoma, nikatoa glavu mfukoni nikaivaa.

Saa ya chakula tulikaa ukingoni mwa barabara, akanimegea mkate wake na maharage. Akasema, "Ng'ombe hajambo?" Nikasema, "Tulimuuza nije huku." Akasema, "Haa." Basi. Ndiyo mazungumzo yetu mpaka leo. Usiku nalala sakafuni kwake, na akigeuka usingizini bega linatoa sauti kama mlango.

Kadi ya daktari, Kessler anasema labda jengo lijalo.

Ndani ya kliniki kuna vijana wanafunga jipsamu. Asubuhi mmoja alipita akatutazama, huyu na glavu ya kulia, huyu na ya kushoto, akapiga kelele: "Tazameni, bwana na bibi!" Shemeji alinitazama kwa pembe ya jicho. Nadhani alicheka. Sina hakika.

Nazario

*

Tepozán, 30 Septemba 2005

Fidencio, Nazario,

Nawaandikia barua moja, muisome pamoja, msomaji awe Nazario maana Fidencio ataruka mistari.

Jana ilikuwa Siku ya Wana Walio Mbali. Magari yenye namba za Texas na California yalijaa mpaka mtoni. Kamati walikuja alfajiri nyumbani. Mama yako, Fidencio, nilikuwa nimeshamweleza yote. Don Hilario alisimama mlangoni na kofia mkononi, tamu kama asali, akasema, "Basi kijana hakupata ndege? Bendera tumpe nani, tumpe mtoto wa Refugio?" Kabla sijafungua mdomo, mama yako akamwambia, "Bendera iko nyumba hii. Itabebwa na nyumba hii." Akanisukuma mgongoni, mimi!

Mwanamke hajawahi kuibeba. Padri Anselmo alikuna kichwa, kisha akatazama saa, akasema jua linapanda, twendeni.

Ni nzito, Fidencio. Hukuniambia kamwe kwamba ni nzito hivyo. Upepo ukiingia kwenye kitambaa inataka kukuangusha, na huwezi kuiweka chini, na huwezi kusema, maana watu wanaimba na wewe ndiye uliye mbele. Nilifikiri habari yenu njia nzima. Tulizunguka kanisa, tukashuka kisimani, tukapanda makaburini, na mti wa bendera ulinichuna ngozi ya viganja vyote viwili. Chayo alitembea karibu yangu, ameshika ncha ya aproni.

Tulipofika wanawake walinizunguka wakaona damu. Comadre Eulalia, mnamjua, aliyemsimamia Chayo ubatizo, alisema kwa sauti ya watu wote wasikie, "Otilia, mbeba bendera mikono mitupu? Glavu zile ulizotarizi zimekwenda wapi?"

Nikamwambia ziko kazini.

Otilia